Sauti ya Besi Ndani ya Bendi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wapiga besi wa Unguja na Pemba: wa taarab ya kisasa, wa bendi za hoteli za Nungwi na Paje, na wale wa taarab asilia wanaosimama na dabalbesi (besi kubwa ya mbao) nyuma ya fidla. Anayetaka namba za kunakili kwenye ampu yake hatozipata nyingi hapa. Ampu mbili hazifanani, na kumbi mbili ndiyo kabisa.

Nyumbani ampu yangu inalia vizuri ajabu. Nikiingia kwenye bendi haisikiki, unabaki mvumo tu. Ni mbovu?

Si mbovu. Sauti unayoipenda ukiwa peke yako chumbani ndiyo inayokuzamisha ukumbini. Peke yako unapandisha besi, unapandisha trebo, midi (sauti za kati) unaishusha karibu na sifuri, na sauti inatoka pana, ina kishindo chini na mng'aro juu. Bendi ikianza, dramu ya mguu inakuja kukaa pale pale chini ulipokaa wewe. Matoazi na gitaa la solo yanafunika ule mng'aro. Mahali palipobaki ni katikati, na katikati wewe mwenyewe umeshapafuta. Ndio maana unaongeza volyumu, madirisha yanatetemeka, na bado mwimbaji anageuka kukuuliza uko wapi.

Jambo la pili ni sikio. Sauti za chini zikiwa ndogo sikio halizipokei vizuri; volyumu ikipanda zinaonekana kukua haraka kuliko sauti za kati. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulitangaza mwaka 1933, na halijabadilika. Kwa hiyo besi uliyoipanga usiku kwa sauti ya chini ili usiamshe watoto, ukiipeleka kwenye volyumu ya harusi inakuwa nzito kupita kiasi hata kama hukugusa nobu yoyote ya toni.

Dawa: rudisha midi katikati, au juu kidogo ya katikati, punguza besi, kisha sikiliza wenzako wakiwa wanapiga. Ukibaki peke yako utaiona sauti ina ubapa kidogo, kama inasemea puani. Iache hivyo hivyo.

Lakini nikipunguza besi si nitakuwa sipigi besi tena?

Uzi mnene wa E ukiwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Ndani ya mlio huo huo zimo hezi 82, 123, 165 na kuendelea juu, na sehemu kubwa ya kile ambacho watu wanakiita besi iko huko. Sikio likizipata hizo za juu linaijaza ile ya chini lenyewe. Redio ndogo haiwezi kabisa kutoa hezi 41, na bado unaufuata mstari wa besi kwenye wimbo. Spika nyingi za ampu za besi nazo hazitoi kitu cha maana chini ya hezi 40, unazichosha bure.

Kwa kukisia tu: kishindo cha kifuani kiko kati ya hezi 50 na 80, unene wa noti kati ya 80 na 150, tope kati ya 200 na 300, na ule mkoromo unaomwezesha mtu aliye nyuma ya ukumbi kujua umepiga noti gani uko kati ya 500 na 1,000. Mikwaruzo ya vidole iko juu zaidi, elfu mbili na kitu. Ukiniruhusu nobu moja tu, nitachagua ya midi.

Nianzie wapi kupanga nobu?

Toni zote katikati, masta (volyumu kuu) sifuri. Piga kwa nguvu ile ile utakayopigia wimbo wa kuchangamsha, upandishe geini (nguvu ya sauti inayoingia kwenye ampu) mpaka taa nyekundu ianze kugusia kwenye mapigo makali, kisha irudishe kidogo. Baada ya hapo ndipo upandishe masta. Wengi wanafanya kinyume: geini ndogo, masta mwisho, halafu wanalalamika ampu inapiga kelele ya mvuke.

Panga toni bendi ikiwa inapiga, nobu moja baada ya nyengine. Kabla ya kuongeza, jaribu kupunguza kile kinachokusumbua. Tope likizidi, shusha kidogo pale kwenye 250. Mara nyingi hapo hapo besi inajitokeza bila kuongezwa chochote.

Tena usiipange ukiwa umesimama mbele ya ampu iliyokaa chini. Sauti za kati na za juu zinakwenda mbele moja kwa moja, zinapita kwenye magoti yako, na wewe unabaki na mvumo. Inyanyue juu ya kiti au kreti la soda, au uiegemeze ikutazame usoni. Kama una waya mrefu, shuka jukwaani upige ukiwa umesimama pale watakapokaa wageni. Huna waya mrefu? Mpe mwenzio gitaa dakika mbili, ushuke wewe.

Kwenye taarab ya kisasa mpiga kinanda ananifunika. Niongeze volyumu?

Usiongeze. Kazungumze naye, tena kabla ya mazoezi na si mbele ya waimbaji.

Kinanda kimoja kinaweza kupiga besi, fidla, akordioni na ngoma kwa wakati mmoja, na vikundi vingi vilikuwa vikipigiwa besi na mkono wa kushoto wa kinanda kabla wewe hujaja. Mkono ule una mazoea yake. Nyinyi wawili mkipiga noti moja ya chini, na tuni zenu zimepishana hata kidogo, sauti zinaanza kupandana na kukatana: noti inavimba, inafifia, inavimba tena. Ukumbini watu hawatojua ni nini. Wataona muziki umelegea tu. Volyumu yako ikipanda, kule kuvimba na kufifia kunazidi kusikika.

Mwambie kwa adabu: "Maalim, nisaidie hapa chini, mkono wa kushoto upande juu kidogo." Akikubali asishuke sana chini ya C ya kati, umemaliza kazi. Kama anatumia midundo ya ndani ya kinanda, vinanda vingi vinaruhusu sehemu ya besi izimwe peke yake. Akiwa hataki kabisa, fundi mitambo anaweza kukata sauti za chini za kinanda kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti). Hilo ni la mwisho, maana mwenye kinanda atalisikia na atanuna.

Na dramu ya mguu?

Kubalianeni nani akae chini kabisa. Nyimbo za kuchezeka zikiwa na dramu iliyowekewa maiki, kwa kawaida mwachie mguu hezi 50 hadi 80, wewe ukae juu yake. Bendi ikiwa na ngoma za mkono tu, huko chini ni kwako.

Tunafanyia mazoezi kwenye chumba cha nyumba ya Mji Mkongwe. Noti moja inalipuka, nyengine hazisikiki. Ni gitaa?

Ni chumba. Nyumba za kale za mawe zilijengwa kwa dari za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, mara nyingi chini kidogo ya mita 3. Kuta ni nene, mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hauli sauti za chini, unazirudisha zilivyo. Sauti ikienda na kurudi kati ya kuta mbili zilizoachana mita 2.8, mvumo wake mkubwa unaangukia karibu na hezi 62. Hiyo ni noti ya B, freti ya 2 kwenye uzi wa A. Ukiigusa, chumba kizima kinaitikia. Ukihamia noti ya jirani, kimya.

Kichekesho ni kwamba aliyesimama ukutani anausikia mvumo ule kwa nguvu zote, na aliyesimama katikati ya upana wa chumba hausikii kabisa. Wawili hawa wanaweza kugombana usiku kucha kuhusu volyumu yako, na wote wanasema kweli.

Usishushe besi yote kwa sababu ya noti moja. Kwanza hamisha ampu. Iondoe kwenye kona, maana kona ina kuta mbili na sakafu, na kila kimoja kinaiongezea besi. Kama ampu yako ina ikwalaiza ya vishikizo, shusha kile kilicho karibu na 60 peke yake. Mazulia na mapazia hayasaidii hapa. Yanakula trebo, besi inapita kama hayapo.

Pia pima chumba chako mwenyewe: gawa 175 kwa upana wake kwa mita, na jibu ni hezi za mvumo wa kwanza. Rudia kwa urefu wa chumba. Kwa joto letu la kawaida hesabu hii haikosei sana.

Ufukweni mambo ni kinyume: besi inapotea. Nifanyeje?

Nje hakuna ukuta wa kukurudishia chochote, na noti ya E ya chini ina wimbi la mita 8 na nusu hivi. Spika moja ya inchi 10 kwenye mchanga haiwezi kulijaza eneo hilo hata ukiigeuza nobu mpaka ivunjike. Hapo ampu ichukulie kama ya kujisikia wewe na mpiga dramu tu, na sauti ya wageni ipitie kwenye mitambo mikubwa yenye subwufa. Kama hakuna mitambo, weka ampu mgongo wake ukiwa karibu kabisa na ukuta wa baa au wa jengo lolote lililopo, na juu ya kitu kigumu kama ubao au saruji. Upunguze sauti za chini sana, upandishe midi. Wakati wa kusi upepo unaichezea trebo, inakuja na kupotea, usikimbizane nayo.

Ngome Kongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara limefanyika kwa miaka mingi tangu 2004, iko baina ya hali hizi mbili: juu wazi, pembeni kuta ndefu za mawe. Mwangwi unarudi umechelewa. Piga noti fupi, zima nyuzi kwa kiganja, usiziache zikalia mpaka zife zenyewe.

Nahitaji wati ngapi?

Wati zikiongezwa mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo inasikika lakini si kubwa. Ili sikio lione sauti imekuwa kama mara mbili unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka 100 kwenda 150 usilipie pesa nyingi. Spika ya pili itakupa zaidi.

Kwa taarab asilia wati 50 hadi 100 zinatosha. Bendi yenye dramu za fimbo, wati 300 ndiyo saizi ya kutokuwa na wasiwasi, isipokuwa besi inapita kwenye mitambo.

Spika imeandikwa 8 omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Naweza kuongeza ya pili?

Mbili za 8 zikiunganishwa kwa namna ya kawaida zinakuwa 4. Mbili za 4 zinakuwa 2. Tazama nyuma ya ampu imeandikwa chini kabisa ni ngapi, na usishuke chini ya hapo. Kati ya ampu na spika tumia waya wa spika, si waya wa gitaa, hata kama jaki zinafanana. Waya wa gitaa ni mwembamba na unaweza kupata moto.

Fundi mitambo anataka laini moja kwa moja kutoka kwenye gitaa, hataki ya ampu yangu. Amenidharau?

Hakukudharau. Anataka sauti ambayo haitobadilika kila ukigusa nobu jukwaani. Mpe laini kupitia boksi la DI (kisanduku kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa), kabla ya toni za ampu, na wewe upange ampu kwa masikio yako. Kama sauti ya ampu yako ndiyo tabia yako, na unajua hutoigusa katikati ya onyesho, muombe achukue laini ya baada ya toni. Boksi la DI lenye saketi ya umeme linahitaji betri au volti 48 kutoka kwenye mikisa. Ukiona kimya, anzia hapo.

Na umsalimie kwanza ukifika. Fundi aliyesalimiwa anatafuta dakika tano za kukupimia besi. Aliyepitwa hana muda.

Kuna mvumo "mmm" hata nisipopiga.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na mvumo huo ni hezi 50 au 100, karibu kabisa na noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi mnene. Ukigusa nyuzi ukapungua, shaka iko kwenye gitaa au waya wake. Ukianza pale tu unapounganishwa na mikisa, ni mzunguko wa ethi (waya wa ardhi): bonyeza kitufe cha kukata ethi kwenye boksi la DI.

Usikate pini ya ethi ya plagi, wala usichomeke kwa vijiti. Wewe umeshika nyuzi, mwimbaji ameshika maiki, na jasho lipo. Mkigusana, ethi ndiyo inayowalinda. Hili sibishani na mtu.

Umeme wa shamba unashuka, au tuko kwenye jenereta. Ampu itaungua?

Ampu nyepesi za kisasa zilizoandikwa 100–240 zinavumilia volti ikishuka. Zile nzito za transfoma zinapoteza nguvu na sauti inakuwa na mikwaruzo mapema, punguza geini. Kwenye jenereta, subiri itulie ndipo uwashe, na uzime ampu kabla haijazimwa. Kinachounguza zaidi ni ampu ya mtumba iliyoandikwa volti 100 au 120 peke yake, iliyotoka Japani au Marekani, kuchomekwa ukutani moja kwa moja. Soma nyuma kabla ya kununua, si baada.

Napiga dabalbesi kwenye taarab asilia. Nikiongeza kidogo tu, inaanza kuvuma yenyewe.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na linastahili nafasi. Vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club cha 1958, vina udi, kanuni, fidla kadhaa, akordioni na ngoma ndogo, na vyombo hivi havina fujo. Besi ikizidi kidogo tu inafuta kanuni. Unachotakiwa kutoa ni pigo lenye mwanzo wa wazi, linalokufa haraka, linalomwonyesha mwimbaji mguu wake uko wapi.

Mwili wa dabalbesi ni sanduku tupu, na sauti ya ampu inalitikisa sanduku hilo, linatikisa pikapu (kinasa sauti cha chombo), inarudi kwenye ampu. Kwanza iondoe ampu isitazame tumbo la chombo; iweke ubavuni na mbele kidogo. Kama ampu au pre-ampu (kikuza sauti kidogo kinachotangulia ampu) ina kitufe cha fezi, kinachogeuza wimbi la sauti, kibonyeze na usikilize, upande mmoja huwa mtulivu zaidi. Kata sauti zote zilizo chini ya hezi 40, kisha tafuta noti inayovuma na uipunguze hiyo tu. Baadhi ya wapigaji huziba matundu ya chombo kwa sponji, na inasaidia.

Pikapu za piezo zinazobandikwa kwenye daraja zinataka mlango wenye omu milioni moja au zaidi. Ukizichomeka kwenye mikisa moja kwa moja utapata sauti nyembamba ya kukwaruza, na watu watalilaumu besi la watu bure. Pre-ampu ndogo inamaliza tatizo.

Nataka gitaa la besi lilie kama sanduku la kidumbaki.

Kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo, trebo chini, na upige kwa dole gumba karibu na shingo. Zima twita (spika ndogo ya trebo) kabisa. Usiiongeze besi ya ampu. Ufupi wa mlio ndio unaoleta sanduku.

Naweza kutumia ampu ya gitaa la solo?

Mazoezini kwa sauti ndogo, ndiyo. Harusini utaichana spika.

Kompresa (kifaa cha kusawazisha noti kubwa na ndogo)?

Jifunze kwanza kupiga kwa nguvu zilizo sawa. Ukishaweza, mara nyingi utaona huihitaji.

Jaki zinakwaruza na nyuzi zimekufa mapema. Ni bahari?

Bahari na jasho. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Jaki na nobu zipulizie dawa ya kusafishia viungio vya umeme. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, yanakusanya vumbi. Ampu usiiache kwenye baraza inayotazama bahari, hata ikifunikwa kanga.

Masikio yananipigia filimbi baada ya harusi.

Desibeli 85 kwa saa 8 ndio mpaka unaopendekezwa kazini. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, na usisimame mbele ya matoazi.

Tunavuka kwenda Pemba kwa onyesho la Chake Chake. Nibebe ampu?

Uliza kwanza kilichopo: spika ni za omu ngapi, kuna subwufa au hamna, mitambo ya nani. Kama spika ipo, beba kichwa chepesi cha ampu, waya wa spika wako, boksi la DI, betri ya akiba na waya mbili za gitaa. Kichwa ukipakate mwenyewe kwenye meli, usikitie kwenye mizigo. Kama hakuna spika wala subwufa, mwambie mwenye shughuli mapema aikodi Wete au Chake, maana kuipata jioni ya shughuli yenyewe ni kazi.